Mnapima adundo vizuri. Chuny nani anauliza?

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa mawaziri wa afya wa kaunti zinazozunguka Ghuba ya Winam, na kwa madaktari wanaosimamia kliniki za moyo na presha

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Manyatta, Kisumu, nikiomba kliniki za moyo ziwe pia na mtu wa kusikiliza huzuni na hofu za mgonjwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, mama wa watoto wawili, na kifuani nimewekewa vali ya chuma, kile kilango cha kupitisha damu ndani ya moyo. Wenye ujuzi watanisahihisha kwamba si chuma hasa, lakini kwenye benchi la kliniki ndivyo tunavyoiita. Inalia. Siku ya mtihani, darasa likiwa kimya, kuna mtoto wa dawati la mbele ambaye huinua kichwa na kuniambia, "Mwalimu, saa yako inapiga kelele." Mimi sivai saa.

Mchana huwa nacheka naye. Usiku ni mambo mengine. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji nilikuwa nikilala chali nikiihesabu, mia, mia mbili, elfu, mpaka jogoo wa jirani awike, kwa sababu niliingiwa na imani kwamba nikiacha kuhesabu nayo itaacha kupiga. Sikumwambia mtu. Kliniki walinipima presha, wakanipima uzito, wakanitoa damu, na kitabuni wakaandika kwamba naendelea vizuri. Kwa vipimo vyao hawakukosea.

Mnivumilie kidogo, maana kazi yangu ni lugha. Kiswahili kimetupa neno moja, moyo, nalo likabebeshwa kila kitu: nyama inayosukuma damu, na hicho kinachovunjika mtu akifiwa. Majirani zangu wanaoongea Dholuo wamegawanya mzigo huo. Ile nyama ni adundo. Kinachofurahi, kinachosononeka, kinachokataa chakula, hicho ni chuny, neno ambalo pia ndilo ini. Mama mmoja aliyekaa kando yangu kwenye foleni aliwahi kunieleza ziara yake yote kwa pumzi moja: adundo wameiona kwenye picha, chuny hakuna aliyeuliza. Nimemwazima maneno hayo, naye alicheka akasema niyatumie.

Kila kliniki tunapewa orodha ya kujitunza, na orodha yenyewe siipingi. Jipime uzito kila asubuhi ukishakojoa na kabla ya chai, uandike. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, njoo hospitali. Chumvi yote ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, saa ile ile kila jioni, na damu ipimwe, maana nguvu ya dawa ikishuka damu inaganda kwenye vali na ikipanda unaweza kuvuja damu. Kwa sisi ambao vali zetu ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, kwa sababu ya koo lililouma likaachwa bila dawa, kuna na sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, ile nzito ambayo ukitoka unatembea umeinamia upande mmoja. Na utazame miguu kama imevimba.

Sasa ichukue orodha hiyo uende nayo mtaa wa Nyalenda. Mzani wa nyumbani ni wa wachache. Wengi wetu tunapimwa na yule kijana anayekaa na mzani kando ya barabara, kwa shilingi chache, saa nane mchana, viatu vikiwa mguuni na chakula tumboni, halafu tunaandika. Mgonjwa akiambiwa apunguze chumvi anatii, anaondoa kopo mezani, kisha anatia magadi kwenye mrenda kama alivyofundishwa na mama yake. Hakuna aliyemwambia kwamba magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Mwezi unaofuata miguu imejaa na anaulizwa mbona mkaidi.

Mimi niliambiwa niache mboga za kijani kwa sababu ya warfarini. Katika nyumba ambayo sukuma, osuga na kunde ndizo mboga kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi! Nilikula ugali na omena miezi minne nikiwatazama watoto wakila sukuma. Baadaye nesi mmoja alinieleza, na ilimchukua dakika mbili, kwamba majani hayo yana vitamini K inayopingana na dawa, lakini shida inakuja mtu anapokula mengi leo na wiki ijayo akaacha. Ule kiasi kile kile wiki nenda wiki rudi, na dozi itapangwa kulingana nacho. Miezi minne kwa kukosa dakika mbili.

Na kuna hili la dawa ya kutoa maji mwilini, nalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu sidhani mtu mwenye gari lake analijua. Tunaye mzee kutoka upande wa Nyakach. Siku ya kliniki anatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Akimeza ile tembe ya kukojoza kabla ya kutoka, matatu ikifika Ahero atakuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na dereva hasimami. Mara moja ilimshinda. Mzee wa miaka 67, mbele ya abiria, mmoja wao mama mkwe wa mwanawe. Tangu siku hiyo siku ya safari hamezi. Siku ya matanga hamezi. Kwa hiyo siku pekee ambayo daktari anamwona ni siku ambayo hajameza, uzito uko juu, presha iko juu, na anaongezewa dozi ya dawa ambayo haimo tumboni. Akiulizwa, "Mzee, unameza dawa?" anajibu ndiyo, na kweli anameza, siku nyingine zote. Lile la matatu hawezi kumwambia kijana wa umri wa mjukuu wake huku mlango uko wazi na mgonjwa mwingine amesimama kizingitini. Aliniambia mimi baada ya mwaka mzima wa kukaa benchi moja.

Kumbe angeweza kuimeza mchana akisharudi. Hilo lingemalizwa na mtu wa kumsikiliza.

Waheshimiwa, niruhusuni niwaeleze pia kuhusu binti mmoja. Ameniruhusu, na nimeficha yanayoweza kumtambulisha. Ana vali kama yangu, na umri wake ni wa kuolewa na kuzaa, ameolewa, hajazaa. Alipoanzishiwa warfarini aliambiwa kwa sentensi moja, koridoni, mama mkwe akiwa amemshikia mkoba: "Usishike mimba." Sababu ni za kweli kabisa. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki za mwanzo, na ukiiacha ghafla vali inaweza kuganda damu na wewe ukafa. Lakini sentensi moja ya koridoni ilifika nyumbani ikawa kesi. Mwaka wa pili wa kuhesabiwa miezi, binti akaanza kuruka dawa kimyakimya akijaribu bahati yake. Kitabuni pameandikwa kwamba hafuati maagizo. Nilikiona kitabu hicho kwa macho yangu, yale maneno yamepigiwa mstari chini mara mbili.

Huyo si mkaidi. Ni mtu aliyewekwa katikati ya vifo viwili, akaachwa achague peke yake usiku. Sasa ana miadi ya kumwona daktari wa moyo na wa uzazi pamoja, baada ya sisi wenzake kumshika mkono na kumwingiza ndani.

Na mimi? Mwezi wa nne baada ya upasuaji niliacha dawa siku tano. Sikutaka kufa, nataka mlielewe hilo, kwa sababu watu hudhani ni lazima mtu awe anataka kufa. Nilichoka tu. Vidonge vilikuwa pale juu ya kabati, nikivitazama kama mtu anavyotazama vyombo vichafu. Siku ya sita ilikuwa kliniki. Jina la hospitali silitaji, na hata la kaunti silitaji. Nesi aliyekuwa akinivua ule mkanda wa presha aliniangalia akauliza, "Mwalimu, unalala?"

Nililia mpaka foleni ikageuka. Akafunga mlango, akaketi juu ya katoni ya glavu, akanisikiliza muda ambao nje walianza kunung'unika, na walikuwa na haki. Halafu akanishika mkono akanivusha ua hadi jengo la pili, kliniki ya wanaoishi na VVU, kwa sababu sisi wa moyo hatukuwa na mshauri hata mmoja na wao walikuwa naye. Yule mshauri akanipokea kwa kuiba, maana sikuwa na namba ya pale. Nilirudi mara sita. Majirani walioniona nikiingia mlango ule walisema yao. Waseme.

Nilichokikuta ng'ambo ya ua ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Viti vimepangwa duara. Mtu anayekufundisha kumeza dawa naye ameishi na virusi miaka mingi, anajua ladha ya vidonge na anajua pa kuvificha ukiwa ugenini. Ukikosa kliniki unapigiwa simu, na simu yenyewe haianzi kwa matusi. Aliye imara anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, hapotezi siku ya kazi na nauli kila mwezi. Mwongozo wa taifa wa matibabu ya VVU unataka mgonjwa aulizwe pia kuhusu unyogovu, ile huzuni nzito isiyoondoka. Haya hayakushuka kutoka mbinguni. Ukanda wetu ulichomwa na ugonjwa ule kuliko sehemu nyingine za Kenya, tukazika, tukajifunza kwamba tembe bila mtu wa kuongea naye inabaki kwenye kopo. Somo tulilolilipia kwa makaburi mengi hivyo limefungiwa jengo moja, na mita hamsini kutoka hapo wagonjwa wa moyo wanaanza darasa la kwanza.

Mwaka 2025 ulipoanza, fedha za misaada ya Marekani zilisimamishwa, na wengi wa washauri hao na waelimishaji rika wakarudishwa nyumbani. Mmoja wa wale niliowajua namwona soko la Kibuye siku za Jumapili akiuza mitumba. Ujuzi wake uko pale pale. Kama kuna ombi moja katika barua hii mtakalolikumbuka, liwe hili: mwajirini yeye na wenzake, mwapeleke siku moja kwa wiki kwenye kliniki ya moyo, siku moja ya presha, siku moja ya sukari. Hamhitaji kutuma mtu ng'ambo akasome.

Huenda mkaniambia huzuni ni ya kila mtu na daktari wa moyo ana kazi yake. Basi tuongee kazi yake. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watano wa moyo ana unyogovu unaostahili matibabu. Mwenye unyogovu anakosa dawa zaidi, hatembei, anarudishwa wodini mara nyingi, na anakufa mapema kuliko mwenzake mwenye moyo wa hali ileile. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani (American Heart Association) kilipendekeza unyogovu uhesabiwe miongoni mwa mambo yanayomharibia matokeo mgonjwa aliyepata shambulio la moyo. Ule utafiti mkubwa wa nchi 52 uliochapishwa 2004 ulitaja mambo 9 yanayoambatana na mashambulio ya moyo. Tumbaku imo, presha imo, sukari imo, na msongo wa mawazo na unyogovu navyo vimo katika hesabu hiyohiyo. Mtu mwenye hofu ya kila saa, mwili wake unamwaga homoni za kukimbia simba. Simba hayupo, lakini presha inapanda kana kwamba yupo, na damu inakuwa rahisi kuganda.

Pa kuanzia ni maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni, kuvunjika moyo au kukosa tumaini? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ikifika 3 anaulizwa maswali mengine 7, yote pamoja 9. Maswali haya yalijaribiwa hapahapa magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na VVU na matokeo yakachapishwa 2009. Muda wake unatosha ndani ya ule wa kungoja mashine ya presha ijaze upepo na kuutoa. Swali la mwisho kati ya yale 9 linagusa mawazo ya kujidhuru, na zamani mtu aliogopa kulijibu kwa kuwa Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Wafundisheni manesi hilo pia. Ila tafadhali msiulize kama hamna pa kumpeleka anayejibu ndiyo. Kumfungua mtu kisha kumrudisha benchini ni vibaya kuliko kunyamaza.

Stoo ya dawa nayo muikague. Amitriptilini ni dawa ya zamani ya unyogovu, ni rahisi kwa bei, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo kwa watu kama sisi si ya kugawa ovyo. Sertralini, dawa nyingine ya unyogovu, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo, matokeo yakatoka 2002, ikaonekana salama. Mfamasia wenu anajua haya kuliko mimi. Muulizeni ni ipi iliyopo rafuni.

Wanaume sijui niwasemeje. Kwenye benchi letu kuna dereva wa boda ambaye moyo wake umepanuka. Amevificha vidonge kwenye kopo la grisi ili wenzake wa stegi wasijue, maana hakuna abiria atakayepanda nyuma ya mtu anayeweza kuzimia. Huyo ukimwambia "mshauri" atakwambia yeye si kichaa. Lakini siku tulipokuwa tukiongea kuhusu bei ya mafuta alisema, bila kuulizwa, kwamba analala ameketi, ameegemea mito mitatu, na anaogopa kumwamsha mkewe. Daktari hajui habari ya mito, nayo ni dalili ya moyo kuzidiwa. Huyo anahitaji kikao cha wanaume, kiitwe jina lolote, hata cha boda.

Vikundi tunavyo tayari, hilo nawapunguzia. Tuko watu 11, tunakaa chini ya mwarobaini baada ya kliniki, tunachanga shilingi 50 kila mmoja kwa ajili ya aliyekosa nauli. Ndipo tulipoyajua ya matatu na ya magadi. Tunachokosa ni chumba mvua ikinyesha, na nesi au daktari wa kukaa nasi saa moja kwa mwezi, kwa sababu pia tunadanganyana. Mwenzetu mmoja alitushawishi karibu nusu yetu kunywa maji ya kitunguu saumu kwa wingi huku tukimeza warfarini, na bahati yetu ni kwamba nesi alipita akasikia.

Nyamrerwa, yaani mhudumu wa afya ya jamii, wa mtaa wetu ana mkoba aliopewa tangu 2023, una mashine ya presha, anapita nyumba hadi nyumba na anatujua kwa majina. Mfundisheni yale maswali mawili na dalili za maji mwilini, na mkoba wake uwe na mzani wa kuazimisha. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yamezipa kaunti jukumu la huduma hizi, na Ibara ya 43 ya Katiba inaongea kuhusu afya ya kiwango cha juu kabisa kinachoweza kufikiwa. Kila mwezi 2.75% ya mshahara wangu inakatwa kwenda SHA, bima ya afya ya serikali. Silalamikii makato hayo. Nataka tu yanunue na kiti cha mtu wa kunisikiliza.

Kliniki yetu ni Jumatano, na foleni inaanza kabla ya jua. Mmoja wenu akipenda aje, bila kamera, akae na sisi kuanzia namba ya kwanza hadi ya thelathini. Aje na kiti chake, maana benchi la upande wa dirishani limevunjika mguu na tumelizuia kwa jiwe.

Wenu,
Mwalimu mwenye saa kifuani
Manyatta, Kisumu